Mita Ni ya Waoga: Mhadhara wa Profesa wa Umeme wa Magari

Sogeeni, vijana. Wewe wa nyuma, shuka kwenye tairi la watu. Mzee wangu, shikamoo, wewe baki humo humo ndani ya gari, na mguu usiutoe kwenye breki mpaka nikuruhusu.

Mimi, kama kibao kile kinavyosema, ni Profesa wa Umeme wa Magari. Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa kuwa Ilala nzima sijaona aliyesoma kiasi cha kunipa cheo.

Sasa, tatizo. Huyu mzee anauza mayai, na taa zake za nyuma zimefungwa kwenye mlango wa buti. Usiku taa zinawaka vizuri, akikanyaga breki zinafifia. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa jirani zote zinacheza nayo. Na mchana kweupe, swichi ya taa ikiwa imezimwa, akikanyaga breki dashibodi inawaka! Fundi wa kawaida angesema balbu. Mimi pia wiki iliyopita nilisema balbu, lakini nilisema kitaalamu, na mzee akanunua nne.

Twende kwenye chimbuko. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake: volti ni ampea mara ohimu. Baba yake alikuwa fundi makufuli, yaani Ohm ni mtoto wa karakana, ndiyo maana mimi naye tunaelewana sana. Tunatofautiana padogo tu. Yeye alipima.

Mimi sipimi. Umeme nausikia kwenye vidole.

Fyuzi ni sura ya pili ya mhadhara. Waliotengeneza gari hili waliweka hapa fyuzi ya bluu, ampea 15. Ikaungua. Nikaweka bluu nyingine, nayo ikaungua. Fundi mwoga angeuliza kwa nini. Mimi nikaweka ya kijani, ampea 30, na mpaka leo ni nzima, njooni muione. Kilichoungua ni waya, na waya haumo kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa hiyo hilo linahusu idara nyingine.

Naam? Dogo anataka kusema. Huyu alikuja juzi na mita yake ya kichina mfukoni, na tabia mbaya ya kuuliza. Anadai umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi betri, na kwamba njia ya kurudi ni bodi ya gari, ile tunayoiita ethi. Njia hiyo ikiharibika, umeme wa breki unapenya kinyumenyume kwenye uzi wa pili wa balbu ile ile, maana kioo kimoja kina wati 21 za breki na wati 5 za taa ya usiku, kisha unatafuta pa kutokea kupitia taa ndogo za mbele na dashibodi. Nadharia nzuri. Ningeitoa mwenyewe kama angenipa nafasi.

Nikamwambia, haya, pima hiyo ethi yako. Akaweka mita kwenye mlio. Ikalia piii! Mmesikia? Waya mzima! Nilicheka mpaka muuza kahawa akageuka.

Lakini mtoto ni mbishi. Anasema mita kwenye mlio inapitisha umeme kidogo mno, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuidanganya; lazima upime taa zikiwa kazini. Ndiyo maana mzee yuko na mguu kwenye breki tangu saa nne. Dogo akaiweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kitako cha taa ya nyuma. Inatakiwa isizidi 0.2. Ikasoma 4. Volti nne zinapotea njiani kurudi nyumbani, na taa zinagawana kilichobaki.

Akavua mpira ule ulioko kwenye bawaba ya mlango wa buti, unapopita mkungu wa nyaya. Trei za mayai, buti linafunguliwa na kufungwa kutwa, nyaya zinakunjwa pale pale. Waya wa ethi umebaki nyuzi mbili. Jirani yake, waya wa taa, umechubuka unagusa bawaba, na hiyo ndiyo shoti iliyokuwa inakula fyuzi za bluu. Ganda lake limeyeyuka. Sina la kusema kuhusu ganda.

Andikeni matengenezo, maana nimeyasimamia. Fungua hasi ya betri kwanza. Kata sehemu mbovu, unga kipande cha waya wenye unene ule ule, kirefu kidogo ili mlango ukifunguka usivutwe. Lehemu, mpira wa kubana, halafu tepu. Mwisho fyuzi ya bluu irudi mahali pake. Hilo la mwisho ni matakwa ya dogo, nimemruhusu ili nisimvunje moyo.

Mzee, sasa toa mguu. Pole sana. Kazi ya dogo ni elfu tano, mpe mkononi. Mhadhara ni elfu arobaini, nipe mimi. Na zile balbu za zamani nilizokutolea wiki iliyopita, zile nzima, hizo niachie. Kesho asubuhi nina mteja mwingine, anasema akikanyaga breki taa zake za nyuma zinafifia.