Likizo Zisizokutana

Kozi ya likizo ya chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari huhitaji vitu viwili: mabweni matupu na watoto walio likizo. Tanzania imevitenganisha kwa uangalifu mkubwa. Septemba, mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kwa kawaida huachiwa upepo, wakati mwanafunzi wa Mlali, wilayani Kongwa, kwa siku nyingi yuko darasani. Yeye likizo zake ndefu ni Juni na Desemba, wenye mabweni wakiwa bado wamo ndani. Hivyo hakuna godoro linalochakaa. Kongwa inaifahamu hekima hii ya kutenganisha vinavyohitajiana: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ya kulimia karanga, mvua ikiwa haijashirikishwa. Juni, kijana wa Mlali huchunga ng'ombe, nao hawadai ada.