Mjomba Bampa Anajibu: Lami Haitoki kwa Hasira

Mvua zimekatika, makandarasi wamerudi barabarani, na barua zangu zote zinanuka lami. Wenye gia zinazogoma na bajaji zinazovuta moshi wasubiri zamu yao. Wiki hii ni ya wenye madoa.

*Shikamoo Mjomba. Nina gari jeupe, na barua hii naiandika nikiwa nimehamishiwa sebuleni. Jumamosi nilimwambia mke wangu nina kikao Posta. Niliporudi alilizunguka gari mara mbili, akainama kwenye mlango wa nyuma, akauliza: "Posta wameanza kumwaga lami lini?" Vidoto vyeusi, Mjomba, vingi kama mbegu za papai! Upande wetu lami inamwagwa njia ya Goba tu, na anajua nani anakaa Goba. Nivitoeje kabla ndugu zake hawajafika Jumapili?*
*Mwenye Kikao, Kimara*

Marahaba, mpwa wangu. Habari za Goba siziwezi. Mimi ni fundi rangi, si sheikh wala mchungaji. Tuzungumze vidoto.

Kabla ya kuweka lami nzito, wajenzi hupulizia juu ya tabaka la kokoto lami nyepesi ambayo wahandisi huiita MC-30. Ni lami iliyolegezwa kwa mafuta ya taa ili izame vizuri. Ukipita kabla haijakauka, tairi linaizoa na kuitupa nyuma. Ndiyo maana madigadi na sehemu ya chini ya milango vimechafuka, na paa halina hata tone. Mkeo hakuhitaji kusomea upelelezi.

Sasa jiulize: kama wao waliilegeza kwa mafuta ya taa, wewe utailegeza kwa nini? Dawa ya moto ni moto. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli na dizeli kutolewa. Maji haiyajui kabisa, ila mafuta ni ndugu zake.

Egesha gari kivulini na usubiri bodi ipoe, hadi uweze kuweka kiganja bila kukiondoa. Mwagia maji mengi vumbi na mchanga vitoke, kwa sababu ukisugua mchanga juu ya rangi umepiga msasa. Tafuta fulana kuukuu ya pamba, isiwe ile ya kampeni yenye picha ngumu kifuani. Ichovye mafuta ya taa, ikamue kidogo, ibandike juu ya kidoto na uiache. Usisugue! Ipe dakika mbili tatu. Ukiinua kitambaa utaona kidoto kimevimba na pembeni kinachuruzika maji ya kahawia, kama chai ya rangi iliyozidi majani. Hapo futa mara moja, taratibu, kisha geuza upande safi kabla ya kugusa kidoto kingine. Vidoto vingine hubeba punje za kokoto, na punje moja ikibaki kwenye kitambaa itakuchorea ramani mlango mzima.

Ukimaliza, osha kwa sabuni ya vyombo mpaka harufu iishe, usiruhusu mafuta yalale kwenye mipira ya milango, kisha paka nta. Mafuta ya taa hayachagui, yakiondoa lami yanaondoka na nta pia. Na sigara iwe mbali, tafadhali.

Jambo la mwisho, mpwa wangu: osha gari zima. Gari lenye vumbi na mlango mmoja unaometameta ni sawa na kukiri kosa kwa maandishi.

*Mjomba, shikamoo. Kijana anayeosha magari mtaani kwetu aliniambia vidoto vya lami ni kazi ya dakika tano. Akaja na thina na stiliwaya. Nilikwenda kununua vocha, niliporudi gari langu la kijivu lilikuwa na dirisha la rangi ya damu ya mzee kwenye boneti. Niliponunua niliapiwa kuwa halijawahi kuguswa na fundi. Kijana hapatikani, ndoo yangu nayo haipatikani. Nimfungulie kesi nani?*
*Nimeuziwa Mbili kwa Moja, Tabata*

Marahaba, na pole. Kijana amekuharibia boneti, lakini amekupa ukaguzi wa bure. Gari lako lilizaliwa likiwa la damu ya mzee.

Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri, katika joto la nyuzi 140 hivi, ikashikana kiasi kwamba thina kidogo haiiondoi kwa urahisi. Rangi ya gereji zetu nyingi hukaushwa kwa upepo na dua. Thina ndiyo iliyoilegeza ili ipite kwenye bunduki ya kupulizia, kwa hiyo ikikutana nayo tena wanakumbatiana na kuondoka pamoja. Kwa sababu hiyo, dawa yoyote ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya mlango karibu na bawaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha.

Stiliwaya ni ya sufuria la ugali. Lile tabaka la juu kabisa linalolipa gari mng'ao ni jembamba kuliko unywele wako, na ukilikwangua halioti tena. Nasema haya kama mkosaji. Nikiwa mwanafunzi wa gereji nilikwangua lami kwa wembe kwenye gari la mwalimu mmoja mstaafu, nikijiona daktari wa upasuaji. Lami ilitoka yote. Mzee akaja, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo mmoja baada ya mwingine, akasema tu, "Ahsante, mwanangu." Afadhali angenichapa.

Kuhusu kesi, kamtafute aliyekuapia. Ya ndoo nitaisemea mbele.

*Mjomba, mama mkwe wangu ametutembelea kutoka Tanga. Ameona lami kwenye gari, akaingia jikoni na kutoka na mafuta ya kupikia. Nimeshindwa kumkatalia. Sasa gari linanuka sambusa. Nimwambie nini?*
*Mkwe Mwenye Adabu, Mbagala*

Mwambie ahsante, na umwambie mbele ya mkeo. Mama yuko sahihi. Mafuta ya kupikia hulainisha lami kama yale ya taa, ila hayana haraka. Yapake, yaache nusu saa au zaidi, ufute na urudie. Hata siagi inafanya kazi, kwa mwenye bei yake. Uzuri wa mafuta ya jikoni ni kwamba ni mapole kwa rangi na hata kwa mikono yako. Ubaya wake ni kwamba usipoyaosha vizuri kwa sabuni, vumbi lote la Mbagala litaona limepata makazi, na sisimizi watafuata. Kama bado linanuka sambusa, hujaliosha vizuri, na hilo si kosa la mama.

*Mjomba, kwani nikiacha tu, mvua ya masika si itaondoa?*
*Sina Haraka, Morogoro*

Kama mvua ingekuwa inaondoa lami, tungekuwa tunajenga barabara upya kila mwaka. Najua utaniambia ndivyo tunavyofanya, lakini hilo si la safu hii. Lami ikikaa juani hulainika mchana na kugandamana usiku, na kila siku unayoiacha inazidi kung'ang'ania. Kwenye gari jeupe inaweza kuacha kivuli cha manjano hata baada ya kutoka. Wiki ya kwanza ni kitambaa. Mwezi wa tatu ni fundi.

*Mjomba, naweza kukwangua kwa kadi ya benki? Na petroli je?*
*Mwisho wa Mwezi, Kinondoni*

Kadi, hapana, ingawa naelewa kuwa haina kazi nyingine tarehe hizi. Petroli, hapana kubwa zaidi: inakauka haraka mno, mvuke wake unashika moto upesi kuliko unavyoweza kukimbia, na kwenye rangi ya gereji unajua sasa kitakachotokea. Mafuta ya breki nayo usiyasogeze karibu na bodi. Yanakula rangi kama mchwa wa msimu.

Yule kijana wa Tabata, kama unasoma hapa: boneti tutaizungumza kiume, lakini ndoo ya watu irudishe.