Ugonile, Andare

Wa kuusifu mchele wa Kyela wapo wengi. Mimi nimeketi hapa Busale, Kyela hiyohiyo, kando ya turubai la kuanikia kakao, nimsifu mkaidi mmoja wa Kiitaliano: kitenzi andare, yaani kwenda, ambaye mwenyewe haendi anakoelekezwa.

Nasaba yake kwanza. Kitenzi cha kawaida kina baba mmoja. Andare ana wawili. Vado, vai, va na vanno ni watoto wa vadere wa Kilatini. Andiamo ya "sisi" na andate ya "ninyi" ni wa ukoo mwingine, ambao wataalamu wanaubishania mpaka leo. Mtoto wa koo mbili halali njaa.

Ndugu yake essere, yaani kuwa, amezidi kwa busara. Sono ni "mimi ni", na sono hiyohiyo ni "wao ni". Mweka hazina wa kikundi akiulizwa michango imeliwa na nani, hapati neno la kumfaa kuliko hilo. Avere, yaani kuwa na kitu, naye ana ho, "ninayo", yenye h isiyotamkwa: imesimamishwa mlangoni kama mgambo asiye na kirungu.

Mpwa wangu anatafuta kazi ya hoteli Kiwengwa, Unguja, wanakojaa Waitaliano. Anageuza kakao huku akikariri: vado, vai, va... Akifika kwenye "sisi", anatoa vadiamo. Kila siku vadiamo. Juzi wingu likatushukia, na mvua ya Kyela haipigi hodi. Akadaka ncha ya turubai, nami nikazubaa. Akanipigia kelele: "Andiamo, mjomba!" Kakao ikapona. Madaftari yake mawili yalishindwa kumfundisha. Wingu moja likafaulu.

Wala tusimcheke Mwitaliano. Akija kwetu atauliza kwa nini amri ya kuja ni njoo, ya kwenda ni nenda, na kwa nini anayekula, akisusa, hali. Hakuna aliyetukaririsha hayo. Njoo tuliijua kwa sauti ya bibi, ugali ukipoa.

Ndiyo siri ya wakaidi hawa: ni maneno yanayotumwa kutwa kucha. Neno lililonyooka mno mara nyingi halina kazi. Na mzee aliyepinda mgongo kwa kazi hanyooshwi, huamkiwa, nasi huku humwamkia kwa Kinyakyusa:

Ugonile, andare.