Duka la Samaki wa Kioo

Hongera, jirani yangu wa Igogo, kwa kuhangaikia duka la kuaminika la samaki wa mapambo. Sangara unamfunua mashavu tu, ukiona wekundu unalipa. Huyu wa sebuleni ana masharti. Tazama kama kuna maiti inaelea pembeni huku muuzaji akisema "huyo amelala". Mapezi yamebanwa mwilini? Mgonjwa huyo. Uliza pampu ya hewa inakuwaje umeme ukikatika, akicheka, ondoka. Na akikuuzia tangi na samaki siku hiyohiyo, bila kukwambia tangi lianze kukaa wiki kadhaa hadi bakteria wa kula uchafu wakomae, ujue ameshakuwekea nafasi ya kurudi kununua wengine.

Ila nifafanulie jambo. Mwaka 1985 wanasayansi walimpa furu wa Ziwa Victoria hapa jina la Mwalimu: Haplochromis nyererei. Leo anafugwa Ulaya, maji yake yanapashwa moto kwa umeme, wenye naye wanamsifia rangi. Wewe nauli mkononi, unamfuata samaki wa dhahabu, mwenye asili ya China. Furu huku tunamtunga kwenye ndoana, awe chambo cha sangara.