Kabla Hujamtia Punda Waya Mdomoni

Mnyororo wa kidevu, ule unaofungwa kwenye lijamu na kupita chini ya kidevu, ulibuniwa kumsimamisha farasi. Punda wako wa Silibwet, mwenye mitungi minne ya maji ya mto Nyangores mgongoni, ameshasimama. Yuko katikati ya barabara, matatu inapiga honi, na wewe unatafuta waya wa kumtia mdomoni. Mwongozo huu ni wako.

Kwanza kijue chombo unachotaka kukiiga kwa huo waya. Waingereza wana lijamu iitwayo Pelham na nyingine Kimblewick. Wapanda farasi wa ranchi za Marekani wana zao, zenye vyuma virefu vya pembeni, na wengi wao hufunga ukanda wa ngozi chini ya kidevu badala ya mnyororo. Zote hufanya kazi kama mtaimbo. Chukua chuma cha pembeni chenye sentimita 4 juu ya mdomo na 12 chini yake. Vuta kigwe kwa nguvu ya kilo 5 tu: mnyororo utabana kidevu kwa kilo 15 hivi, na chuma cha mdomoni kitakandamiza taya kwa kilo 20. Mahali kinapokaa chuma hicho, nyuma ya meno ya mbele na kabla ya magego, pana ufizi mwembamba uliofunika mfupa. Ndiyo maana mpanda farasi aliyefunzwa huuzungusha mnyororo mpaka pete zote zilale bapa, huulaza kwenye kibonde cha kidevu, huacha nafasi ya vidole viwili, kisha huvuta kwa vidole tu. Wewe huvuta kwa mabega, visigino umevikita kwenye tope.

Huko Marekani wapo pia waliotengeneza lijamu ya nyumbu kwa mnyororo wa baiskeli. Ujinga huo usiuige kwa sababu umetoka ng'ambo.

Waya hauna hata hesabu ya mtaimbo. Unakata ulimi na pembe za midomo, na punda mwenye kidonda mdomoni hali vizuri. Asipokula, maji utayabeba mwenyewe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakuhusu wewe na huo waya wako.

Sasa nenda kwa fundi viatu. Mwambie akushonee hatamu isiyo na chuma, ya ngozi au ya mkanda mpana wa vidole viwili. Kamba tupu, ya manila au ya katani, inachuna ngozi. Kama huna nyingine, izungushie kitambaa. Ukanda wa puani ukae juu, kwenye mfupa, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka kwenye nyama laini karibu na matundu ya pua, utamziba pumzi. Pitisha vidole viwili chini yake kabla hujaondoka nyumbani, na upitishe tena mvua ikishanyesha, maana mvua ya Kericho na Bomet haikosi, na kamba ya katani ikilowa hukaza.

Kisha hesabu mitungi. Minne ya lita 20 ni kilo 80. Punda mwenye uzito wa kilo 140 anastahili kubeba theluthi yake, yaani chini ya kilo 50. Ukiona kilo 80 zimemshinda na dawa yako ni kumfunga mdomo, umekosea upande wa mwili. Shusha mitungi miwili. Inua matandiko utazame kama pana kidonda, na uangalie kwato kama kokoto imekwama. Meno mwachie daktari wa mifugo.

Akiendelea kusimama, mwache asimame. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa huganda mahali pale pale, akitazama na kufikiri, na kila unavyomvuta ndivyo anavyozidi kuamini kwamba mbele kuna hatari. Simama ubavuni mwake, begani, kamba ikiwa imelegea. Mpe muda alione dimbwi au daraja la mbao linalomtisha. Kwenye njia ya mteremko yenye tope jekundu usimharakishe, kwa sababu mzigo wote unamsukumia mbele. Na ukiwa na punda wawili, tanguliza yule mzee aliyeizoea njia. Mdogo atamfuata bila mtu kukaza chochote.