Barua kwa Kongresi: Mnaalikwa Semina Diani

Gazi, Msambweni,
Kaunti ya Kwale.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kongresi ya Marekani,
Washington.

KUH: MWALIKO WA SEMINA YA SIKU TATU KUHUSU MAADILI YA UONGOZI



Sisi wa pwani ya kusini tuna deni kwenu. Kwa miaka mingi mashirika yaliyoendeshwa kwa kodi za wananchi wenu yalitukusanya katika hoteli za Diani yakatufunza demokrasia. Wapo kati yetu waliobobea. Kuna mzee wa kijiji ambaye ukimwamsha usiku wa manane atakutajia mihimili mitatu ya dola, tofauti ya uwazi na uwajibikaji, na saa ya chakula cha mchana. Tuliambiwa hakuna mkubwa aliye juu ya sheria, tukala kuku, tukatia sahihi daftari la mahudhurio, tukapewa nauli. Kisha Januari 2025 Rais wenu akafunga mfereji wa misaada, na ilipofika tarehe 1 Julai, USAID, shirika alilolianzisha Kennedy mwaka 1961, likawa limekoma kazi. Wako waliokosa dawa. Hilo sitalifanyia mzaha. Lakini sisi wanasemina tumebaki na elimu tele na hatuna wa kumpa. Ndipo tukaona turudishe mzigo kwa mwenyewe.

Mada ya kwanza ni zawadi. Katiba yenu, ibara ya kwanza, sehemu ya tisa, inamkataza mwenye cheo serikalini kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila idhini yenu nyinyi Kongresi. Tunaijua sehemu hiyo kwa sababu iliwahi kupimwa kwa mali iliyotoka huku.

Tarehe 30 Aprili 1840 meli Sultana ilitia nanga New York, ikiwa imetumwa na Sultani Sayyid Said kutoka Unguja, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Mbali na pembe na karafuu za kuuza, alibeba zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia la Kiajemi, upanga wa dhahabu, mashali na marashi. (Sisi wa Gazi hatuna sababu ya kumpigia Sayyid Said debe. Miaka mitatu kabla ya safari hiyo aliwang'oa watawala wa Mazrui Mombasa, na baadhi yao wakaja kukaa hapa hapa kwetu. Ila farasi walikuwa wazuri, tusimnyime haki yake.)

Van Buren alishukuru, akasema katiba haimruhusu. Jambo likaja kwenu. Mkakaa, mkajadili, mkapitisha azimio: vinavyofaa kuhifadhiwa na serikali vihifadhiwe, vingine viuzwe na fedha ziingie hazina. Farasi wakapigwa mnada. Hakuna aliyesema wamepewa Idara ya Vita kwa hivyo si zawadi. Hakuna aliyependekeza Rais akimaliza muhula wawekwe kwenye maktaba yake.

Sasa msije mkavimba kichwa. Sultana ilirudi na shehena ya merikani, ile nguo ya pamba ya viwanda vya Massachusetts iliyovaliwa pwani yote hii hadi bara. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo yenu ya kusini. Karafuu za Sayyid Said zilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Ukitoka hapa kwangu kuelekea Shimoni utafika kwenye pango ambalo wenyeji wanasema watu walifungiwa humo wakingoja majahazi. Na katiba hiyo hiyo iliyowatazama farasi wawili kwa jicho kali ilikuwa, tangu 1787, inamhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu. Farasi walihesabiwa wawili kamili. Kipindi hiki cha semina tutakaa pamoja, mwenyeji na mgeni upande mmoja, maana hapa hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Baada ya chai ya saa nne, mahamri kwa mbaazi, tutakuja karibu na leo. Mei 2025 Wizara yenu ya Ulinzi ilipokea Boeing 747-8 kutoka Qatar kwa ajili ya safari za Rais. Thamani yake ilitajwa kuwa dola milioni 400. Wanasheria wa serikali wakaona ni halali. Rais mwenyewe akasema baadaye itakwenda kwenye maktaba yake. Kwenu kura ya ridhaa haikupigwa. Tutawagawa katika vikundi vya watano watano, kila kimoja na karatasi kubwa na kalamu nene, mjibu swali hili: ndege ina miguu mingapi zaidi ya farasi?

Kama mfano wa kufuata tutawasomea ibara ya 76 ya Katiba yetu ya mwaka 2010: zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri. Mtaikuta ingali mpya, haijachakaa kwa kutumiwa.

Kuna na mada ndogo ya pembeni, wazee wa kaya wameiomba. Huku kwetu kuna mlima unaitwa Mrima, ambao juu yake ni msitu mtakatifu wa kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba chini yake pana niobi na madini adimu ya dola zaidi ya bilioni 62. Leseni ikafutwa mwaka huo huo, shauri likavutwa hadi baraza la usuluhishi huko Washington, na 2018 kampuni ikashindwa. Tunasikia siku hizi madini adimu ndiyo mazungumzo kila mgeni akikanyaga ikulu yenu. Wazee wanauliza tu, kwa heshima: siku mlima ukitajwa mezani, utaandikwa zawadi, biashara, au msaada mliotupatia sisi?

Posho hakuna. Mlitufunza wenyewe kwamba mradi mzuri ni ule unaojitegemea. Kibali cha kuingia ombeni mtandaoni. Ni dola 30, wala hamtapangwa foleni kama yetu ya ubalozi wenu Gigiri na kulipa dola 185 zisizorudi hata ukinyimwa. Na kwa kuwa serikali yenu imewahi kuwaonya raia wake juu ya feri ya Likoni, piteni Dongo Kundu, barabara ni nzuri.

Kuhusu ndege ile ya Qatar, Ukunda haitatua, uwanja ni mfupi. Ishusheni Mombasa. Tumeshamweka kijana pale na daftari la zawadi, na amekatazwa kumruhusu mtu yeyote kuandika kwa kalamu ya risasi.

Wenu katika utawala bora,
Mwanasemina wa Gazi