Sifa za Matimutimu

Wayunani wa kale walikuwa na fani ya maandishi iliyokusudiwa kukisifu kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu aliyekidhania kuwa kinastahili sifa, na katika fani hiyo Synesius wa Cyrene, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Libya na ambaye baadaye alifanywa askofu, aliandika mnamo mwaka 400 hivi maandishi ya kuusifu upara, akimjibu Dio Chrysostom aliyekuwa amezisifu nywele. Mjadala huo, pamoja na ufasaha wake wote, uliacha pengo, kwa kuwa mmoja aliwatetea wenye nywele za kupendeza na mwenzake akawatetea wasio na nywele kabisa, ilhali wenye nywele nyingi zisizosikia amri hawakupata wakili. Makala haya yanakusudia kuwasimamia hao kwa kuyasifu matimutimu, yaani ile hali ya nywele, hasa nywele za mawimbi ambazo si za singa wala si za kipilipili, kufura na kutawanyika, kila unywele ukishika njia yake, mara tu hewa inapokuwa na unyevu. Na kwa kuwasifu pia wale walioamua kuifungia pasi ya nywele kabatini na kuishi na matokeo yake.

Ada ya fani hii ni kuanza na nasaba, na nasaba ya matimutimu haina doa. Unywele umejengwa kwa keratini, protini ileile inayojenga kucha, kwato na pembe za faru, na minyororo ya protini hiyo hushikamanishwa na vifungo vya aina kadhaa, na aina mbili kati yake ndizo zinazohusika hapa. Viko vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na kwa kawaida havikatiki ila kwa dawa kali za saluni, na viko vifungo vya haidrojeni, ambavyo kila kimoja ni dhaifu lakini vyote kwa pamoja vina nguvu, navyo hukatika nywele zikilowa au zikipata joto, kisha hujifunga upya zikikauka au zikipoa. Pasi na draya hufanya kazi yake kwa vifungo hivi vya pili: joto huvikata, bamba la chuma huunyoosha unywele, nao ukipoa hukaa katika unyofu usio wake. Mvuke wa maji ulio hewani ukipenya ndani, vifungo hivyo hukatika tena, safari hii bila kuombwa, na unywele hurejea katika umbo uliloota nalo kutoka kwenye kinyweleo, yaani tundu la ngozi linaloukuza. Kwa hiyo anayeyaita matimutimu uasi amemkosea mshtakiwa. Aliyevunja sheria ni pasi, na hewa ya pwani ni mahakama ya rufani ambayo haijawahi kupokea rushwa.

Kutoka nasaba mtu huingia katika matendo, na hapa matimutimu yana heshima ambayo nywele za singa haziwezi kuidai peke yake. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha maelezo ya haigromita yake, yaani chombo cha kupimia unyevu wa hewa, ambacho kiungo chake kikuu kilikuwa unywele wa binadamu uliosafishwa mafuta, kwa kuwa alikuwa amethibitisha kwamba unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na hufupika ikikauka. Tofauti hiyo ni ndogo, takriban asilimia 2 hadi 2.5 kutoka ukavu kamili hadi unyevu kamili, lakini ilitosha kuusukuma mshale, na vyombo vya aina hiyo viliendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa hata katika karne ya 20. Mwenye matimutimu anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ya bahari haimwachi mtu hata usiku, anabeba kichwani maelfu ya vipimo hivyo bila gharama ya matengenezo, na akisafiri hadi Dodoma katikati ya kiangazi hupewa taarifa ya ukavu wa nchi kabla hajashuka stendi, kwa kuwa nywele zilizokuwa zimesimama zote huanza kulala zenyewe. Ni ajabu kwamba wenye hazina hii wamekuwa wakiianza siku kwa kuviunguza vipimo vyao.

Historia ya kuunguza huko, ikisomwa kwa utulivu, inachekesha kuliko inavyohuzunisha. Mjini Paris, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Marcel Grateau alipata sifa na mali kwa kutumia koleo la moto kuziwekea mawimbi nywele za wanawake ambao Mungu aliwapa nywele zilizonyooka. Na mwanzoni mwa karne ya 20, mjini London, Mjerumani Karl Nessler aliuonyesha umma mtambo wa fito za chuma zilizopashwa moto, zikining'inizwa juu ya kichwa cha mteja aliyetakiwa kukaa kwa saa nyingi, ili apate mawimbi ya kudumu. Mkewe, Katharina Laible, ndiye aliyejitolea kichwa chake katika majaribio ya awali, na alilipwa kwa kuunguzwa nywele na ngozi. Wakati huohuo, upande wa pili wa Atlantiki na baadaye katika miji ya Afrika Mashariki, chanuo la chuma liliwekwa juu ya makaa ili kuyaondoa mawimbi na misokoto ambayo wanawake wa Ulaya walikuwa wakiinunua kwa malengelenge. Binadamu wa pande zote mbili walikuwa na haja moja, yaani nywele za jirani, na aliyenufaika bila shaka yoyote ni muuza vyuma.

Wapinzani watasema kwamba pasi za sasa ni za kisasa na hazina ukali wa makaa. Hilo linahitaji hesabu, wala si ngumu. Pasi nyingi za umeme hupita nyuzijoto 200 za Selsiasi, ilhali mafuta ya kukaangia maandazi hutosheka na 180 hivi, na hakuna anayekirudisha kikaangoni kila asubuhi andazi lilelile. Nywele hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi. Ncha ya unywele wa sentimita 30 ina umri wa miezi 30 hivi, na kama mwenyewe hupiga pasi kila siku, ncha hiyo imekwisha kupita motoni mara 900. Zikipigwa pasi kabla hazijakauka vizuri, maji yaliyomo ndani ya unywele huchemka na kuacha mapovu yanayoudhoofisha mpaka ukatike. Na kwa kuwa unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi si kitu hai, haujitibu. Mafuta yanayotangazwa kuwa huuponya hayauponyi.

Sifa ya uchumi isirefushwe, ingawa inajitosheleza. Draya ya wati 2,000 ikitumika kwa nusu saa hula yuniti moja ya umeme, na afanyaye hivyo kila siku huteketeza yuniti 365 kwa mwaka kwa ajili ya unyofu ambao huisha kituo cha kwanza cha daladala. Afadhali hata hivyo kuliko mgawo wa umeme unaomkuta mtu upande mmoja umenyooka na mwingine bado, hali ambayo hakuna ushungi unaoweza kuisitiri kwa adabu. Matimutimu hayajui mgawo. Huongeza kimo bila viatu virefu, huhifadhi kalamu, na humhakikishia mwenyewe nafasi ya kutosha kwenye picha ya pamoja, kwa kuwa hakuna anayependa kusimama nyuma yake.

Haki inadai kasoro zitajwe. Mashangazi humwuliza mwenye matimutimu, mbele ya wageni, kama nyumbani kwake kumekosekana kitana. Afisa wa mpakani huitazama picha ya pasipoti, kisha kichwa, kisha picha tena. Na kwa miezi mingi baada ya kuacha pasi, nywele huwa za tabia mbili, mizizi ikiwa na mawimbi na ncha zikining'inia kwa uchovu, mpaka ncha hizo zikatwe. Matunzo yenyewe ni machache: nywele zichanwe zikiwa mbichi kwa chanuo la meno mapana, maji yanyonywe kwa fulana ya pamba pasipo kusugua, zipakwe mafuta ya nazi kidogo, ambayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kisha ziachwe; na hilo la kuziacha ndilo gumu kuliko yote.

Msomaji wa pwani aliyekusudia kuacha anashauriwa aanze mwishoni mwa Machi, masika yanapoingia, kwa kuwa msimu huo hata waliopiga pasi alfajiri hurejea jioni wakiwa na matimutimu, na hakuna atakayetambua ni nani aliyeacha na ni nani aliyeshindwa.